Kirukia cha Mti Gani? Jina la Dawa na Kemia Yake

Neno kirukia limetokana na kitenzi ruka katika kauli ya kutendea: rukia. Kauli hiyo hudai shamirisho. Arukiaye hurukia kitu. Tutaona hapa kwamba dai hilo la sarufi ni dai la tiba pia, na kwamba mkusanyaji wa majina ya dawa asiyelizingatia aweza kumdhuru mtu.

Kirukia (jamii ya Loranthaceae) hakina mizizi ardhini. Ndege hula tunda lake, na mbegu yenye ulimbo hunata tawini. Ikichipua hutoboa gome na kufyonza maji na chumvi za mti. Majani yake ni ya kijani, kwa hiyo hujitengenezea sehemu ya chakula chake. Lakini maji ya mti hayaji peke yake.

Nchini Nigeria Wayoruba hukiita afomo, nacho hutumiwa kutibu shinikizo la damu na kisukari. Huota juu ya mkakao, mkola, mlimau na mpera, na waganga wengi hutaka kujua kimechumwa wapi. Je, huo ni ushirikina? La. Majani yake yana tanini na flavonoidi, ambazo hutofautiana kwa kufuata mti. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Nerium oleander, ua la bustani lenye sumu ya moyo: kirukia kilichoota juu yake kimekutwa na glikosidi za aina hiyo hiyo.

Kirukia cha Ulaya, Viscum album, kina sumu zake chenyewe: viskotoksini, pamoja na lektini izuiayo seli kutengeneza protini, kama ifanyavyo sumu ya mbegu za mbarika. Tangu 1917 wagonjwa wa saratani huko wamedungwa sindano za dawa yake, ingawa madaktari hawajaafikiana juu ya faida yake. Hata hivyo, watengenezaji wa Iscador huitofautisha kwa herufi za mti: M kwa mtofaa (Malus), P kwa msonobari (Pinus), Qu kwa mwaloni (Quercus). Mganga asemaye "kirukia cha mpera" hufanya vivyo hivyo bila maabara.

Nimesoma madaftari kadhaa ya wanafunzi wetu waliotoka vijijini. Yana safu mbili tu, jina la dawa na ugonjwa, na mara nyingi "cha mpera" limefutwa kana kwamba ni pambo la msemaji. Lirudishwe, katika safu yake lenyewe.