Timu ya nyumbani ikishuka daraja, mzazi amwambie nini mtoto?

Kwa mtoto wa Nyakasimbi, wilayani Karagwe, kushabikia Simba au Yanga hakuhitaji moyo mkubwa. Mechi zao hujaza vibanda umiza, na makombe hayakauki. Kazi ni kushabikia Kagera Sugar, hasa tangu iliposhuka kutoka Ligi Kuu mwishoni mwa msimu wa 2024/25.

Shuleni wenzake wanamcheka. Nyumbani anatangaza kuwa amehama timu. Wazazi wengi huishia kusema, "Ni mpira tu, mwanangu." Kwa mtoto si mpira tu. Huenda ndiyo mara yake ya kwanza kuona kitu anachokipenda kikishindwa mbele ya watu, na anamtazama mzazi ajue afanye nini.

Pa kuanzia ni historia. Timu hii ina jina la kiwanda cha sukari kilichopo Missenyi, karibu na mpaka wa Uganda. Kiwanda hicho kiliharibiwa katika vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, vita ambavyo babu na bibi wanaweza kuvisimulia wenyewe. Baada ya kubinafsishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikafufuliwa, na katika muongo huohuo Wanankurukumbi wakapanda Ligi Kuu, Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba ukiwa nyumbani kwao.

Kuna pia siku ya kumsimulia mtoto: Mei 19, 2018. Simba, mabingwa tayari, walikuwa hawajafungwa mechi hata moja ya ligi msimu ule. Rais John Magufuli alikuwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kuwakabidhi kombe. Kagera Sugar wakashinda bao 1-0, mfungaji Edward Christopher, na kipa Juma Kaseja akaokoa penalti ya Emmanuel Okwi. Simba walipewa kombe lao, lakini wageni kutoka Kagera ndio waliorudi na ushindi.

Mtoto akiuliza kwa nini timu yenye kiwanda nyuma yake imeshuka, mfano upo mbali kidogo, Korea Kusini, ambako klabu nyingi kubwa zilianzishwa na makampuni. Suwon Samsung Bluewings ilianzishwa mwaka 1995 na kampuni ambayo jina lake lipo kwenye simu nyingi za Watanzania. Ilitwaa ubingwa wa ligi mara nne, 1998, 1999, 2004 na 2008, na ikawa bingwa wa klabu za Asia mara mbili mfululizo, 2001 na 2002.

Desemba 2023 ilitoka sare ya 0-0 na Gangwon nyumbani, ikashuka daraja kwa mara ya kwanza. Fedha na makombe ya zamani havikuiokoa. Mwaka 2024 ilishindwa kurudi, lakini mashabiki wake waliendelea kwenda uwanjani kwa maelfu, wakiimba kwenye daraja la pili.

Nyumbani, mambo machache yanasaidia. Mwache mtoto ahuzunike bila kumkebehi, hasa kama baba ni Yanga na mama ni Simba. Akikasirika, asiwatukane wachezaji wala mwamuzi. Muulize angefanya nini kama yeye ndiye angekuwa kocha wa timu iliyoshuka. Jibu lake litaonyesha anavyofikiri kuhusu kuanza upya. Na siku familia ina safari ya Bukoba, angalia ratiba: mechi moja ya Kaitaba atakayoiona kwa macho yake inazidi nyingi za kwenye televisheni.

Akiamua kuhama hata hivyo, asilazimishwe. Ila ajue timu anayoiacha ni ya nani na imetoka wapi. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Matokeo ya mtihani yatakapokuja mabaya, au mvua itakapoikosa kahawa ya nyumbani, atahitaji kujua namna ya kubaki na kitu kilichoanguka mpaka kisimame.