Nzi wa Embe na Rangi Zake

Mwaka 2003 watafiti nchini Kenya walinasa nzi wa matunda ambaye hakuwa akijulikana Afrika. Mwaka huo huo akaonekana Tanzania. Alifanana na Bactrocera dorsalis wa Asia, ila rangi ya mgongo wa kifua chake ilitofautiana mno: huyu hudhurungi, yule mweusi tii. Mwaka 2005 akatangazwa kuwa spishi mpya, Bactrocera invasiva. Miaka 10 baadaye jina likafutwa, kwani maumbile, jeni na mwenendo wake wa kujamiiana vilionyesha kuwa ni yule yule wa Asia.

Kwa hiyo anayemtambua nzi huyu haanzii kwenye weusi wa mgongo. Huanzia kwenye bawa. La dorsalis ni angavu, lina utepe mwembamba wa rangi nyeusi ukingoni mwa mbele. Kifuani ana mistari miwili ya njano, mmoja kila ubavu, na tumboni alama nyeusi yenye umbo la herufi T. Nzi wa Ceratitis, wenyeji wa Afrika, mabawa yao yana mikanda ya njano na hudhurungi, na sehemu ya karibu na kifua imejaa vidoa vidogo. Kati yao, Ceratitis cosyra, adui wa siku nyingi wa embe zetu, ana madoa matatu meusi kwenye kipande cha njano kilicho nyuma ya kifua. Dume wa Ceratitis capitata hana mfano: kichwani ana vinyweleo viwili vilivyopanuka nchani, na hapo hadubini humaliza ubishi.

Funza aliye ndani ya embe ni shida zaidi. Wote ni weupe, wote hawana miguu, na hata mtaalamu mara nyingi hulazimika kumfuga mpaka awe nzi. Akitoka kwenye pupa, asiuawe papo hapo: bado amepauka na alama hazijakolea. Hulishwa sukari na maji kwa siku kadhaa kwanza.

Kazi yote hii ina faida shambani. Methili yujenoli, kemikali inayowekwa mitegoni kama chambo, huwavuta madume wa dorsalis, lakini wale wa cosyra haiwashughulishi. Mtego wake ukikaa mtupu, embe bado zinaweza kuwa zinatobolewa na cosyra.