Kundi Dogo la Kuku wa Kienyeji: Kuchagua Wazazi na Kulea Vifaranga

Kuku wa kienyeji hawafanani. Kuchi, anayefahamika sana pwani na visiwani, ana miguu mirefu, shingo iliyosimama na moyo wa kupigana. Ching'wekwe wa Morogoro na Dodoma ni mfupi wa miguu na mwepesi wa mwili. Kishingo hana manyoya shingoni, na kwa hiyo huvumilia joto vizuri. Kidimu ana manyoya yaliyopinda kuelekea nje. Wote hujitafutia chakula, huatamia wenyewe na hulea wenyewe. Lakini mtetea wa kienyeji asiyetunzwa hutaga kati ya mayai 40 na 60 kwa mwaka, ilhali kuku wa kisasa wa mayai hupita 250. Sababu moja kubwa ni hii. Muda wake mwingi huishia katika kuatamia na kuongozana na vifaranga.

Kundi la kuanzia linatosha kuwa na tembe 8 hadi 10 na jogoo mmoja. Tembe wazuri huchaguliwa kwa kuangalia mama zao: kuku aliyetaga vizuri, akaatamia bila kuacha mayai na kulea bila kupoteza watoto. Jogoo anastahili uangalifu mkubwa zaidi, kwa kuwa kila kifaranga cha bandani kitakuwa na nusu ya damu yake. Awe na kifua kipana, miguu iliyonyooka, macho maangavu, na atoke katika kundi lililokua haraka. Ni afadhali atafutwe kijiji cha mbali, maana jogoo wa jirani huenda ni ndugu wa tembe walewale. Akifika, atengwe wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenzake. Baada ya mwaka mmoja hivi abadilishwe, kwani binti zake huanza kutaga wakiwa na miezi sita au saba. Baba akiwapanda binti zake, mayai yanayototolewa hupungua na vifaranga huweza kuzaliwa dhaifu.

Hapa ndipo vijiji vingi hupoteza mbegu nzuri. Mnunuzi akija huonyesha kidole kuku mkubwa kuliko wote, na mgeni wa heshima huchinjiwa huyohuyo. Wanaobaki kuzaa ni wale waliokosa soko. Desturi hiyo ikiendelea miaka kadhaa, kundi hudumaa bila ugonjwa wowote. Mfugaji makini huwatenga kuku wazazi wa kundi mapema na kuwaeleza hata watoto wa nyumbani kwamba hao hawauzwi wala hawachinjwi.

Mayai ya kutotolesha yawe ya ukubwa wa wastani, ganda laini lisilo na nyufa, na yasizidi siku 10 tangu kutagwa. Huhifadhiwa mahali penye ubaridi, ncha iliyochongoka ikielekea chini, na hayaoshwi. Kuku wa kawaida hufunika mayai 10 hadi 13. Akizidishiwa, ya pembeni hupoa na kuharibika. Kiota huwekewa majani makavu na majivu kidogo ya kuzuia utitiri. Siku ya 7 kila yai hupimwa gizani kwa tochi. Lenye mbegu huonyesha doa jeusi na mishipa myembamba ya damu inayosambaa, na lisilo na mbegu hubaki jeupe. Vifaranga hutoka siku ya 21.

Mfugaji anaweza kuongeza uzalishaji bila kununua mashine, kwa kuwaatamisha kuku watatu kwa pamoja. Anayeanza kuatamia mapema hushikizwa kwa mayai ya kuchemsha hadi wenzake wawe tayari, kisha usiku mmoja wote huwekewa mayai mazuri. Wakitotoa, vifaranga vyote hupewa mama mmoja au hupelekwa kwenye bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, na kuku waliobaki hurudi kutaga baada ya wiki chache badala ya kuzunguka na watoto kwa miezi miwili au mitatu. Baadhi ya wafugaji humwekea kuku huyohuyo mayai mengine aatamie tena. Hilo linawezekana, lakini humdhoofisha, kwa kuwa kuku anayeatamia hula kidogo sana.

Wiki nane za mwanzo ndizo zinazoamua kundi litaongezeka au la. Kuku anayetotoa vifaranga 10 mara tatu kwa mwaka akabakiwa na vitatu kila mara, anaongeza kuku 9. Vikibaki vinane, anaongeza 24. Kuku ni yuleyule na mayai ni yaleyale. Wanaopunguza hesabu hiyo wanafahamika: mwewe, kunguru, nguchiro, kicheche, baridi na njaa. Ndiyo maana vifaranga havifai kuachwa vimfuate mama shambani. Wiki ya kwanza vinahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha joto hilo hupunguzwa kidogo kila wiki hadi manyoya yaote. Vikijikusanya karibu na jiko linalovipa joto, vina baridi. Vikikimbilia pembeni, joto limezidi. Jiko la mkaa lisiwekwe kamwe katika chumba kisichopitisha hewa, kwa sababu gesi yake ya sumu inaua vifaranga na watu pia.

Pumba peke yake haikuzi kifaranga. Kinahitaji protini: dagaa waliosagwa, mashudu ya alizeti, ambayo Singida na Dodoma hayakosekani, au mchwa. Mchwa hutegwa kwa chungu kilichojazwa samadi mbichi na mabua, kikafunikwa jioni juu ya tundu lao na kufunuliwa alfajiri. Mahindi yenye ukungu yasitumike hata kidogo, kwa kuwa sumukuvu huua kuku.

Banda huwekewa vichanja vya kulalia na sakafu kavu, na mita moja ya mraba hutosha kuku watano. Unyevu ndio unaochochea kuhara damu. Lakini ugonjwa unaomaliza kijiji kizima ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Hauna tiba. Anayeuza haraka kuku wake ugonjwa unapoingia, ili asipate hasara, ndiye anayeusafirisha hadi mnadani na vijiji vingine.

Kinga yake ipo na ni rahisi. Chanjo ya I-2, iliyotokana na utafiti wa Australia na ambayo hutengenezwa pia Tanzania, ilikusudiwa kuku wa vijijini kwa sababu huvumilia joto kuliko chanjo nyingi. Hutolewa tone moja katika jicho moja, kwa kila kuku mwenye afya, mkubwa kwa mdogo, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na ikishafunguliwa haikai muda mrefu. Kwa hiyo majirani wachange fedha, wapange siku moja, na wachanje asubuhi kabla kuku hawajafunguliwa.