Pumba za Mpunga na Siri ya Kupima Dawa

Mwenye kupita Bujonde na vijiji vingine vya Kyela baada ya mavuno hakosi kuona, kando ya mashine za kukoboa, vilima vya kumvi, au pumba kama wengi wetu tunavyoziita. Mchele wa Kyela husifiwa kwa harufu yake hadi Dar es Salaam, ilhali pumba zake huulizwa na wachoma matofali tu. Leo tumependa kuzungumza na familia zetu juu ya kitu kilichomo ndani ya pumba hizo, kwani kitu cha jinsi hiyo hiyo ndicho kinachotumika kutambua dawa ya kweli na dawa ya ghushi.

Kitu hicho ni silika, ndugu yake mchanga na kioo. Mpunga huinyonya udongoni pamoja na maji, kisha huiweka kwa wingi katika ganda la punje. Kilo 1,000 za mpunga hutoa takriban kilo 200 za pumba. Zikiungua hubaki jivu la kilo 40 hivi, na aghalabu zaidi ya asilimia 85 ya jivu hilo ni silika. Jivu likichemshwa kwa kostiki soda, ile ile ya kutengenezea sabuni, silika huyeyuka. Ikitiwa asidi, huganda mfano wa jeli. Ikioshwa na kukaushwa, hubaki punje nyeupe ngumu. Vile vifuko vidogo vinavyokutwa ndani ya maboksi ya viatu, vilivyoandikwa kuwa visiliwe, vina punje kama hizo.

Ajabu yake imo katika vinyweleo. Kila punje imetobolewa matundu yasiyohesabika, madogo kiasi kwamba upana wa unywele mmoja waweza kupangwa matundu kama elfu kumi. Kwa hiyo gramu moja tu ya silika yaweza kuwa na kuta za ndani zenye eneo la mita za mraba 500. Zikikunjuliwa kuta za gramu 15, zingekaribia kutandaza uwanja mzima wa mpira.

Kuta hizo zafaa nini? Chukueni mfano wa watu wawili wanaopita sokoni Kyela. Mwenyeji husimamishwa kila hatua kwa salamu, ilhali mgeni hupita moja kwa moja. Wakianza pamoja, hawatafika pamoja. Ndivyo ilivyo mchanganyiko wa kemikali unapopitishwa kwenye silika: zile zinazovutwa sana na kuta hukawia, nyingine hutangulia, mwisho kila moja hujitenga. Elimu hii huitwa kromatografia. Mrusi Mikhail Tsvet aliianzisha mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kutenganisha rangi za majani, akitumia chaki. Mwaka 1941 Waingereza Martin na Synge walitumia silika, na mwaka 1952 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Sasa tuje kwenye dawa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja ya tiba kati ya kila kumi ni duni au ya bandia. Kyela ni wilaya ya mpakani, bidhaa huvuka kila siku pale Kasumulu, na mzazi mwenye mtoto anayetetemeka kwa homa hana jicho la kuona kilichomo ndani ya kidonge. Kipimo chepesi kipo: kibao kidogo kilichopakwa silika. Kidonge husagwa na kuyeyushwa, tone lake huwekwa chini ya kibao kando ya tone la dawa iliyothibitishwa, kisha kimiminika huachwa kipande. Doa lisipolingana na jirani yake, kuna jambo. Tanzania ilianza kutumia maabara ndogo za sandukuni za namna hii miaka ya mwanzo ya 2000.

Hata hivyo kibao hakisemi yote. Chaweza kuonyesha kwamba dawa ipo na kwa kiasi gani kwa makadirio, lakini si kama kidonge kitayeyuka tumboni. Kwa uhakika zaidi hutumika mashine zinazosukuma kimiminika kwa shinikizo kubwa ndani ya bomba lililojazwa silika laini mno.

Silika hubeba kazi nyingine pia. Katika viwanda, kemikali inayochochea mabadiliko hupandikizwa kwenye kuta zake ili ienee vizuri. Kromiamu iliyobebwa na silika, ugunduzi wa mwaka 1951 huko Marekani, ndiyo hutengeneza sehemu kubwa ya plastiki ngumu ya madumu na ndoo.

Je, pumba za Bujonde zitapima dawa kesho? La. Kazi hiyo hudai punje zinazolingana na usafi wa hali ya juu, kwani chembe za chuma huharibu kipimo. Na moto ukizidi sana, silika hubadilika, vinyweleo hupotea, na vumbi lake huwa hatari kwa mapafu. Wachoma matofali wazibe pua. Silika ya kukaushia mbegu, ambayo haidai usafi huo, twaona yafaa kujaribiwa kwanza, na vijana wetu wa sayansi wanaweza kuianza.

Kwa sasa, mzazi akitilia shaka dawa, asiitupe. Aihifadhi pamoja na boksi lake na risiti, aipeleke kwa mfamasia wa wilaya au kwa TMDA, mamlaka iliyoitwa TFDA hadi mwaka 2019.