Ndugu Wawili wa Garnet Run kwa Bei ya Busia

Mfululizo wa Garnet Run wa Roan Parrish una vitabu vinne, na viwili vya mwanzo ni vya ndugu wawili, Jack na Charlie Matheson, katika mji mdogo wa Wyoming, Marekani. Jack amevunjika mguu na hawezi kuwatembeza mbwa wake. Anayekuja kumsaidia ni Simon, kijana mwenye haya hadi maneno yanamkwama kooni. Charlie, kaka mkubwa aliyemlea mdogo wake, ana duka la vifaa vya ujenzi, na siku moja anaingia Rye, mgeni aliyerithi nyumba inayokaribia kuanguka. Wanaume hawa wanapendana, wanakosana kidogo, wanapatana. Mwisho ni wa furaha, na msomaji anaujua kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Hilo ndilo analolilipia.

Vitabu vya aina hii ni vingi siku hizi. Lucy Lennox ana ukoo mzima wa akina Wilde katika mji wa kubuni wa Hobie, Texas, wenye mababu wawili ambao wenyewe ni wanandoa. Kanuni haibadiliki: ukoo mkubwa, mji mdogo, kila ndugu na kitabu chake, machozi machache. Msomaji wa Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, au wa Tororo upande wa Uganda, anayezitaka hadithi hizi atalipa kiasi gani, na kwa njia ipi? Shilingi ni sehemu ndogo ya hesabu. Sehemu kubwa ni alama ambayo kila njia inaiacha nyuma yako, na upande wa mpaka uliosimama ukiiacha.

Tuanze na sheria, kwa kuwa ndiyo inayopandisha bei. Rais Museveni wa Uganda alitia saini Sheria ya Kupinga Ushoga mwezi Mei 2023, na Aprili 2024 Mahakama ya Katiba mjini Kampala ilifuta vifungu vichache tu na kuacha vilivyobaki visimame. Kifungu cha 11 kinalenga kile kinachoitwa kukuza ushoga: kuchapisha, kutangaza au kusambaza maandishi yanayouhamasisha, hata kwa kompyuta na intaneti. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 20. Kusoma peke yako hakukutajwa humo, lakini kugawa kumetajwa, na mstari kati ya hayo mawili si mnene. Kenya, vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu vinahusu tendo lenyewe, na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Kwa upande wa sanaa, panga la Nairobi limekuwa likiangukia filamu: Stories of Our Lives mwaka 2014, Rafiki 2018, I Am Samuel 2021. Rafiki, kwa taarifa yako, ilitokana na hadithi fupi ya Mganda, Monica Arac de Nyeko, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Hadithi ya Uganda ikawa filamu ya Kenya, ikazuiwa Kenya. Katika vitabu hali ni tulivu zaidi. Riwaya za namna hii husomwa Kenya bila mtu kugongewa mlango kwa ajili ya riwaya yenyewe.

Kwa hiyo bidhaa moja ina bei mbili, na kati yake kuna kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Februari 2018.

Karatasi ndiyo njia ghali kuliko zote. Maduka ya vitabu ya miji hii yanaishi kwa vitabu vya shule, na riwaya ya wanaume wawili wa Wyoming hutaikuta kati ya kamusi na vitabu vya hesabu. Utaagiza kutoka Nairobi, Kampala au ng'ambo. Kenya inatoza VAT ya asilimia 16 kwenye vitabu tangu 2013, na nauli ya kifurushi kutoka Marekani huizidi bei ya kitabu chenyewe bila taabu. Kisha mzigo unapita forodhani, na mzigo wa forodhani unaweza kufunguliwa. Njia pekee ya karatasi yenye unafuu ni vitabu vya inama, vile vinavyotandazwa kando ya barabara Nairobi na kuuzwa shilingi mia moja au mia mbili. Humo Mills & Boon zimejaa, na mara moja moja hujitokeza kitu cha aina yetu, kwa sababu muuzaji hupanga kwa ukubwa wa kitabu, si kwa jinsia ya wapenzi. Unalipa taslimu, hakuna akaunti, hakuna ujumbe wa simu. Lakini huwezi kupanga kusoma mfululizo kwa bahati. Ukipata kitabu cha tatu, cha kwanza utakitafuta mpaka uchoke. Na kitabu cha karatasi kikishaingia katika nyumba ya kupanga yenye chumba kimoja na watu watano, hakuna kitufe cha kukifuta. Kwa anayeishi Tororo sikipendekezi hata kidogo. Kwa aliye Busia ya Kenya mwenye mlango wake na kufuli yake, sawa.

Kupeleka faili kwenye duka la fotokopi wakutolee nakala ni kosa la bei rahisi lenye gharama kubwa. Unamwingiza mwenye duka katika neno "kuchapisha" la kifungu cha 11, naye hajui ameingizwa.

Kitabu cha simu ndicho chaguo langu, na sababu ya kwanza ni bando. Riwaya nzima ya maneno matupu huwa na ukubwa wa megabaiti moja au mbili. Bando la Safaricom la siku, MB 250 kwa shilingi 20, linashusha vitabu vingi kuliko utakavyosoma mwaka huu. Kwa laini ya Uganda unabeba pia ushuru wa asilimia 12 uliowekwa kwenye data Julai 2021, baada ya ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku kufutwa. Kwa uzito wa riwaya ushuru huo hauonekani. Kwa video utauona. Wengi wa mitaa ya mpakani wanabeba laini mbili hata hivyo, na wanajua ni ipi ya kuwasha wakitaka kushusha kitu.

Bei ya kitabu kimoja huanza senti 99 za dola na mara nyingi huishia dola 5 au 6. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapozubaa. Cha kwanza hutolewa bure au kwa senti 99 kusudi uwapende wale ndugu. Ukishampenda kaka mkubwa, utataka kujua yule mdogo mkorofi aliishia na nani, na cha pili ni dola 4.99. Chukua ukoo wa vitabu saba: cha kwanza senti 99, sita vilivyobaki dola 4.99 kimoja. Jumla inakaribia dola 31. Dola ikiwa shilingi 129 za Kenya na takriban 3,600 za Uganda, hiyo ni kama 4,000 za Kenya, au 111,000 za Uganda. Mtu angekutajia bei hiyo mlangoni ungegeuka. Uzuri wa mifululizo hii ni kwamba kila kitabu kina wapenzi wake na kinaisha chenyewe. Ndugu wengine hupita tu jikoni wakitania. Hulazimiki kuwanunua wote. Nunua ndugu unayemtaka.

Kindle Unlimited ya Amazon huko Marekani ni dola 11.99 kwa mwezi, yaani kama shilingi 1,550 za Kenya. Inalipa kuanzia kitabu cha tatu ndani ya mwezi huo. Anayesoma kimoja kwa mwezi anawafadhili wengine, na siku akiacha kulipa, vitabu vyote vinaondoka kwenye simu. Kabla ya kuitegemea, hakikisha akaunti yako inakubaliwa kwa nchi uliyojiandikisha. Jambo la kulifahamu ni kwamba kitabu kikiwekwa humo, mwandishi huwa ameahidi kutokiuza kidijitali mahali pengine kwa siku 90, muda unaoweza kuongezwa tena na tena. Ndiyo maana mifululizo mingi ya ndugu hutaiona Smashwords wala kwingineko. Smashwords kwa upande wake huuza faili isiyo na kufuli: ukiinunua unaihifadhi popote, unaisoma bila mtandao, hakuna wa kuja kuichukua. Huwa na punguzo kubwa la bei Machi na jingine Julai, na msomaji mwenye subira hujaza akiba ya miezi sita katika wiki hizo.

Kulipa ni kazi nyingine. Upande wa Kenya, M-Pesa GlobalPay, kadi ya Visa ya kwenye simu iliyoanzishwa Juni 2022, imemaliza tatizo la asiye na akaunti ya benki. Lakini angalia jina linaloandikwa kwenye taarifa ya malipo. Duka kubwa linalouza kila kitu, kuanzia sufuria hadi soksi, halisemi ulinunua nini. Mchapishaji mdogo anayeuza riwaya za aina moja tu anasema kila kitu kwa jina lake. Kama simu yako hushikwa na mke, mume, shemeji au watoto, tofauti hiyo ina thamani kuliko punguzo la asilimia 20. Na majalada: vifua wazi vya vijana wa Texas vinajipanga kwenye programu ya kusomea kama nyama buchani. Waandishi wengi sasa hutoa toleo la pili lenye jalada la maua au mandhari ya mlima. Ni hadithi ileile, mara nyingi kwa bei ileile.

Bure ipo, tena halali. Heartstopper ya Alice Oseman, katuni ya wavulana wawili wa shule moja ya Uingereza, ilianza kutolewa mtandaoni mwaka 2016 na bado inasomwa bila malipo Webtoon na Tapas. Ni tamu kweli, ila picha zinakula bando kuliko maneno. Kundi la wasomaji wa M/M Romance, yaani riwaya za mapenzi ya wanaume kwa wanaume, lilitoa makusanyo makubwa ya hadithi za bure, likiwemo Love's Landscapes la 2014. Humo ubora unapanda na kushuka, lakini ukikwama kwenye hadithi moja unaruka ya pili bila kupoteza senti. Mwenye kupenda vya kale atafute Imre ya Edward Prime-Stevenson, iliyochapwa kwa siri Naples mwaka 1906 na sasa iko wazi Project Gutenberg. Lugha yake ni nzito, lakini wanaume wake wawili wanaishia pamoja, jambo ambalo karibu hakuna mwandishi wa wakati ule aliyethubutu. Zile PDF za wizi za Telegram siziingizi kwenye hesabu. Mwandishi hapati kitu, faili nyingine huja na virusi, na aliyekurushia faili Tororo amejiweka mahali ambapo kifungu cha 11 kinatazama. Wewe ukiirusha mbele, umejiweka hapo pia.

Kitabu cha kusikiliza kinapendeza kwa anayepika au anayeendesha, na kwa nyumba yenye masikio mengi spika za masikioni hutatua jambo. Saa kumi za sauti ni kama MB 290, si mzigo wa kutisha. Bei ndiyo inayouma: Audible ni dola 14.95 kwa mwezi Marekani, kwa kitabu kimoja. Kwa hela hizo unanunua ndugu watatu wa maandishi.

Video sitaitetea kwa bei. Msimu wa kwanza wa Heartstopper kwenye Netflix, wa 2022, una vipindi 8 vya kama nusu saa. Kwa picha ya kawaida saa moja inaweza kumeza karibu GB 1, hivyo msimu ni GB 4 hivi. Kwa bando la siku la GB 1 kwa shilingi 99, hiyo ni karibu 400 kabla hujalipa Netflix yenyewe, ambayo mwaka 2023 ilishusha kifurushi cha simu Kenya hadi shilingi 200. Mwenye waifai ya ofisini atacheka hesabu hii, ingawa mtandao wa ofisi una mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuona umetembelea wapi.

Kiswahili ndicho pengo. Toleo la Valentine la Ankara Press la 2015, lililogawiwa bure na lenye Binyavanga Wainaina kati ya waandishi wake, liliweka hadithi fupi za mapenzi katika lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Lakini mfululizo wa ndugu wa huku mpakani, wa Samia au Budama, mmoja ana duka la sementi na mwingine anaendesha boda, wakipata wapenzi mmoja mmoja bila mtu kupelekwa kituoni, haupo dukani kwa bei yoyote. Ukitaka mwisho wa furaha, kwa sasa utausoma kwa Kiingereza.

Mwenye shilingi 500 za Kenya mwezi huu, akiwa upande wa Kenya, anaweza kutenga 20 za bando, achukue kitabu cha kwanza cha mfululizo wowote kinachotolewa bure, kisha anunue kimoja kisichozidi dola 3.50 kwenye duka lisilofunga faili. Aliye Tororo anaweza kufanya vilevile kwa shilingi 14,000 hivi za Uganda. Ashushe, azime data, asome, na asimtumie mtu.