Je, Wajua? Chuo kikuu kilichojifundishia wanafunzi wake

Texas Christian University ya Fort Worth ilianza mwaka 1873 kijijini Thorp Spring kwa jina AddRan, chini ya ndugu wawili, Addison na Randolph Clark. Ilipokea wavulana kwa wasichana, na pamoja na masomo ya chuo ilikuwa na idara ya matayarisho kwa ambao hawajafikia kiwango hicho. Wapo watakaosema hicho hakikuwa chuo, bali shule iliyojipachika jina kubwa. Hoja hiyo ina uzito, maana jina la chuo kikuu lilikuja 1889, kabla mizizi haijashika sawasawa. Lakini inasahau jambo moja: shule za sekondari zilikuwa haba mno Texas ya wakati ule, na chuo ambacho kingesubiri wahitimu wa shule hizo kingebaki na madawati matupu. Hata Oberlin ya Ohio, iliyofunguliwa 1833, iliendesha shule ya matayarisho hadi 1916.

Makerere ya Uganda nayo ilianza 1922 ikiwa shule ya ufundi, yenye vijana 14 wa useremala, ujenzi na umekanika. Ikawa chuo kishiriki cha London mwaka 1949. Mpangilio ni tofauti, sababu inafanana: ngazi ya chini ilikuwa haijajengwa. Kwa hiyo idara ya matayarisho, kwa maoni yangu, ndiyo iliyokilisha chuo. Ilififia pale sekondari za umma zilipoenea na kuichukua kazi hiyo.