Barua Pepe Inapotoka na Rekodi Isihifadhiwe

Idara nyingi za lugha siku hizi huweka orodha za wanafunzi, alama na hata istilahi katika kanzidata, na aghalabu programu hizo huongezewa uwezo wa kutuma barua pepe zenyewe. Karani anapoingiza jina la mwanafunzi aliyekubaliwa, barua ya taarifa hutoka bila ya mtu kuiandika. Katika makala hii tungependa kuwaeleza wasomaji wetu kwa nini uwezo huu, ambao una manufaa makubwa, wakati mwingine huvuruga kazi iliyokuwa ikienda vizuri, na namna ya kuutafuta mzizi wa tatizo.

Ndani ya kanzidata huweza kutegwa amri ambayo hufyatuka yenyewe kila rekodi inapoongezwa, inapobadilishwa au inapofutwa. Wapo watakaopendelea kuiita kichochezi. Sisi tutaiita mtego, kwani tabia yake ni ya mtego hasa: haumchagui anayeugusa. Uingizaji wa rekodi, pamoja na yote yanayofyatuliwa nao, huhesabiwa kuwa muamala mmoja. Muamala ama hukamilika wote, ama hubatilishwa wote kana kwamba haukuanza.

Hapo ndipo penye utata. Rekodi inaweza kubatilishwa, lakini barua iliyokwisha kuondoka hairudi. Tuseme mwanafunzi aliyeko Arua anaandikishwa katika idara iliyoko Kampala. Mtego unatuma barua ya kumkaribisha, kisha hatua inayofuata, labda ya kuhakiki ada, inakwama na muamala unabatilishwa. Mwanafunzi anapanda basi na barua yake mkononi. Anapofika ofisini, jina lake halimo. Karani ataapa kwamba hakulifuta, naye atakuwa anasema kweli.

Kinyume chake pia hutokea, na huwachosha watu zaidi. Karani asiye na ruhusa ya kutuma barua akiingiza jina, mtego unashindwa, na kwa kuwa umo ndani ya muamala, rekodi nayo inakataliwa. Mkuu wa idara akijaribu mwenyewe, jina linaingia bila taabu, maana yeye ana ruhusa zote. Mara karani anaonekana hajui kazi! Katika SQL Server, mtumiaji asiye msimamizi hana budi kuingizwa katika kundi liitwalo DatabaseMailUserRole, lililomo katika kanzidata ya msdb. Kwa hiyo rekodi ikikubaliwa kwa mtu mmoja na kukataliwa kwa mwingine, tukague ruhusa kabla ya kumlaumu yeyote.

Watengenezaji wenyewe waliliona jambo hili. Katika SQL Server ya 2000 barua zilipitia programu ya barua, kama vile Outlook, iliyowekwa kwenye seva. Toleo la 2005 lilileta Database Mail, ambayo huiweka barua katika foleni kwanza. Muamala ukibatilishwa, barua nayo huondolewa foleni. Utaratibu wa zamani uliondolewa kabisa katika toleo la 2012. Hata hivyo, programu nyingi zinazoandikwa nje ya kanzidata bado hutuma barua moja kwa moja, na kwa hizo dawa ni ileile: rekodi ihifadhiwe kwanza, barua iandikwe katika jedwali la kusubiri, kisha kazi nyingine ipite baadaye kuzituma.

Tatizo jingine ni la idadi. Katika SQL Server mtego hufyatuka mara moja kwa kila amri, si kwa kila rekodi. Mwalimu akisahihisha alama za wanafunzi 300 kwa amri moja, mtego ulioandikwa kwa kudhani kwamba rekodi ni moja tu utatuma barua moja, na wengine 299 hawatajua lolote. Katika MySQL, iliyopata mitego katika toleo la 5.0 mwaka 2005, mtego hufyatuka kwa kila rekodi. Hivyo programu ikihamishwa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, idadi ya barua hubadilika ingawa hakuna aliyekusudia.

Tusisahau nakala za majaribio. Anayenakili kanzidata ili wanafunzi wajifunzie huinakili pamoja na mitego na anwani zake, na barua za mchezo zikawafikia watu wa kweli. Anwani zote katika nakala hiyo zibadilishwe kwanza ziishie kwa example.com, jina lililotengwa tangu 1999 kwa ajili ya mifano tu.

Mtu anayechunguza kasoro ya namna hii na auzime mtego katika nakala, kisha arudie kazi iliyokwama. Rekodi ikihifadhiwa, chanzo kimepatikana. Isipohifadhiwa, barua pepe haina hatia. Baada ya hapo asome orodha ya barua iitwayo sysmail_allitems, inayoonyesha zilizotumwa, zinazosubiri na zilizoshindwa. Ila neno "imetumwa" lisomwe kwa uangalifu. Kwa kanuni za SMTP, zilizotolewa mwaka 1982, seva ya barua hujibu kwa namba 250 inapoupokea ujumbe, na maana yake ni kwamba imeupokea ili iufikishe, si kwamba mwanafunzi ameupata. Anwani ikiwa na kosa, taarifa ya kushindwa humrudia mtumaji saa au siku kadhaa baadaye. Ndiyo maana anwani ya mtumaji inafaa iwe ya sanduku ambalo karani hulifungua kila asubuhi.